Hii, au Hii?

Mkubwa aliniambia sauti yangu imekonda. Hakuniita pembeni wala hakutanguliza kuniuliza habari za nyumbani. Tulikuwa tunakunja nyaya baada ya harusi moja, mimi naifuta saksafoni yangu, akasimama mbele yangu na taulo lake shingoni akasema, "Fundi, sauti yako siku hizi imekonda. Watu wanakuona unapuliza, ila hawakusikii."

Mkubwa ndiye kiongozi wa bendi yetu, na Fundi ndiye mimi, kwa sababu mchana nina duka la miwani. Hapo hapo mpiga kinanda wetu, tunayemwita Vidole, akabonyeza kitufe kwenye kinanda chake, akagusa kidogo, ikatoka saksafoni. Saksafoni nene, yenye afya zake, isiyotoka jasho wala kudai maji ya kunywa. Wenzetu wakacheka. Na mimi nilicheka, maana ungefanyaje.

"Jumamosi kwenye mazoezi," Mkubwa akasema, "utapiga wewe, halafu kitapiga kitufe. Ule ukumbi mpya tulioitwa kupiga ni mkubwa, siwezi kupeleka sauti ya kubembelezea mtoto. Kitakachosikika ndicho kitakwenda. Na kikishakwenda, kimekwenda."

Nataka nieleweke hapa. Miwani inanilisha, sina ugomvi nayo, lakini kwenye ile bendi ndiko nilikokuwa mtu. Mke wangu aliniona kwa mara ya kwanza nikiwa jukwaani, na mpaka leo nikimuudhi sana huwa najaribu kusimama vile vile. Ukinitoa pale nabaki na koti jeupe na kazi ya kuwauliza watu herufi za ukutani. Kung'olewa na mtu ningevumilia. Ningemchukia mtu huyo nikalala usingizi wangu. Lakini kung'olewa na kitufe! Kitufe utakichukiaje? Nilienda nyumbani nikikitukana kimoyomoyo, na hata matusi yenyewe hayakukaa sawa.

Ila kabla sijafika mlangoni nilikuwa nimeshajua dawa, na dawa yenyewe ilitoka kazini kwangu. Mteja wa miwani akija, namkalisha kwenye kiti, namvisha ile fremu nzito ya majaribio, namwekea lenzi moja, naitoa, naweka nyingine. "Hii, au hii?" Anachagua. Naweka nyingine tena. "Hii, au hii?" Tunaendelea hivyo mpaka anasema, "Fundi, mbona sasa zote ni sawa?" Mtu asiyeijua kazi atadhani hapo mambo yameharibika, kumbe hapo ndipo tulipofika. Jicho likishapata haki yake halina tena cha kuchagua.

Nimeponya macho ya mtaa mzima kwa njia hiyo, kwa hiyo nikajiambia: kama jicho linatibiwa kwa kubadilisha lenzi, sauti itatibiwa kwa kubadilisha mausipisi. Hicho ni kile kipande cha juu cha saksafoni, kinachoingia mdomoni na kufungwa ulimi wa mwanzi. Ndicho kinachokutana na pumzi kabla ya kitu kingine chochote. Changu kilikuwa cha mpira mgumu mweusi, nilichokitumia miaka na miaka, kina alama za meno yangu. Nikakitazama kwa jicho baya. Nikaona wazi kwamba mkosaji ni yeye.

Kesho yake nilifunga duka mapema nikaingia mtaani kutafuta mausipisi. Muuza vyombo vya mitumba alinitolea moja ya chuma, inang'aa, akaapa kwamba mwenyewe wa kwanza alikuwa akivunja vioo vya madirisha kwa sauti. Nikaichukua kabla hajamaliza kiapo. Mwalimu wa bendi ya shule aliniazima moja yenye uwazi mpana, inayokula pumzi kuliko inavyotoa sauti. Mjane wa mpigaji mmoja wa zamani alinitolea ya marehemu mumewe, imefungwa kwenye soksi, akaniomba nisiipige nikiwa na hasira kwa sababu marehemu alikuwa mpole. Seremala jirani yetu akanichongea moja ya mbao, nzuri kuitazama, ikitoa sauti ya kiti kikisogezwa. Na kabatini kwangu kulikuwa na ile ya plastiki iliyokuja bure na saksafoni siku ilipotoka dukani, ile wanayopewa watoto wanaoanza. Hiyo niliiweka ndani ya kasha pamoja na nyingine ili tu idadi ionekane ya mtu mwenye nia.

Sasa ilibaki kupata mtu wa kusikiliza na kuchagua, na nyumbani kwetu msikilizaji alikuwepo, hana pa kukimbilia. Mama mkwe alikuwa amevunjika mguu bafuni kwake, na mke wangu akamleta kwetu auguzwe. Alipewa kile chumba kidogo cha nyuma nilichokuwa nafanyia mazoezi. Mchana alikaa sebuleni, mguu juu ya stuli, mkongojo ukutani, uso mtulivu wa mama aliyelea watoto wengi na hakupendezwa na wote.

Mimi na mama mkwe tunaheshimiana mno. Asubuhi nasema, "Shikamoo mama," ananijibu, "Marahaba mwanangu," na huo ndio mwisho wa maneno yanayokwenda moja kwa moja. Mengine yote yanapita kwa mke wangu, hata tukiwa tumekaa watatu kwenye zulia moja. Akitaka nimsogezee maji anamwambia binti yake, "Mwambie mwenzio, kama hana kazi, lile jagi." Nami namwambia mke wangu, "Mwambie mama, jagi hili hapa." Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Jioni huwa na rundo la madaftari ya kusahihisha, na alishatuambia kwamba mshahara wake hauna posho ya ukalimani. Hatukumsikiliza.

Na tangu mama aingie nyumbani, mimi najua adabu zangu. Mgonjwa hapigiwi kelele, mgonjwa ambaye ni mkwe ndiyo kabisa. Nilihamia jikoni na saksafoni yangu, nikafunga mlango, nikasokomeza taulo kwenye lile tundu kubwa la chini, na nikajifunza kupuliza kwa ustaarabu, pumzi ya juu juu, ya mtu anayepoza chai. Nikienda kwenye shughuli taulo nalitoa, mimi si mjinga. Nayasema haya ili ijulikane kwamba nilikuwa mkwe mwema.

Jioni ya kwanza ya majaribio nilisimama kwenye kona ya sebule, nikiwapa mgongo, kwani kupuliza mashavu mbele ya mama mkwe si heshima. Taulo lilikuwa mahali pake. Nikapiga kipande kifupi kwa mausipisi ya chuma, nikabadilisha, nikapiga kile kile kwa ile yenye uwazi mpana.

"Mwulize mama," nikasema bila kugeuka. "Hii, au hii?"

"Mama, hii au hii?" mke wangu akauliza, kalamu nyekundu mdomoni.

Kukawa kimya. Kisha mama akasema, "Mwambie mwenzio ya pili ni nzuri zaidi."

Nikaweka ya marehemu. Ya marehemu ikawa nzuri zaidi. Nikaweka ya mbao. Ya mbao, seremala mwenyewe alipoisikia aliomba radhi, lakini mama akasema, "Mwambie mwenzio hiyo ndiyo imezidi zote." Kila iliyokuja nyuma ilikuwa bora kuliko iliyotangulia. Kama ningekuwa na mausipisi za kutosha ningefika mbinguni jioni ile ile.

Sasa, wateja wa namna hiyo ninao dukani. Ni waongo wa adabu. Wanaogopa kukuudhi, wanatamani wakufurahishe, wanatoka na miwani nzuri wakajigonge na nguzo za umeme. Dawa yao ni kuwawekea lenzi ile ile mara mbili. Nikafanya hivyo. Nilipiga kwa ile ya chuma, nikajifanya nabadilisha, nikagongagonga pete yake ya kubania ulimi, nikakohoa, nikarudia na ile ile ya chuma.

"Mwambie mwenzio," mama akasema, "hii sasa, hii ni habari nyingine."

Damu ilinichemka. Nikachukua vitu vyangu nikaenda jikoni, mke wangu akanifuata.

"Mama yako ananidanganya," nikamwambia kwa kunong'ona. "Nina siku chache tu nitolewe kwenye bendi, yeye ananipaka mafuta!"

"Punguza sauti, atasikia."

"Nimeshapunguza! Tangu aje nimefanya kazi gani nyingine zaidi ya kupunguza?"

Mke wangu alinitazama kidogo, kama anayetaka kusema neno, kisha akasema lingine. "Mama ananiuliza kama kifua chako ni kizima."

"Kifua changu kina nini?"

"Anasema nikupeleke hospitali. Anasema mwanaume anayepuliza hivyo ana jambo kifuani na anatuficha."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Kumbe huyu mama alikuwa ananihurumia. Alikuwa anasifu kila mausipisi kama watu wanavyomsifu mgonjwa kwamba leo ana rangi nzuri. Na hakuishia kwenye kusifu. Jioni iliyofuata nilikuta sufuria la maji ya moto sebuleni, majani ndani yake, blanketi pembeni. "Mwambie mwenzio ajifukize." Nikajifukiza. Utamkatalia vipi mama mkwe, na binti yake ameshaacha madaftari akakuchemshia maji? Niliinama chini ya blanketi natiririka jasho, nikimsikia mama akiuliza, "Anakohoa?" na mke wangu akijibu, "Bado." Nikakohoa kidogo, kwa heshima.

Siku zile zilizobaki niliwajaribia watu wengine. Wateja dukani waliletewa lenzi na mausipisi kwa pamoja, mpaka bibi mmoja aliyekuja kwa ajili ya miwani ya kusomea akauliza kama duka limebadilisha biashara. Alipoona namsubiri anijibu, akasema zote mbili zinamkumbusha ndugu yake aliyekuwa mgonjwa. Na pale dukani pia nilipuliza kwa ustaarabu, kwa sababu mwili ulikuwa umeshazoea. Sikuliona hilo. Kazi yangu ni kuona, na sikuliona.

Jumamosi ikafika. Tunafanyia mazoezi kwenye chumba kirefu nyuma ya karakana ya magodoro. Ukuta mmoja umejaa magodoro yaliyosimamishwa, na ukivuta pumzi unavuta na nyuzi. Nilikuwa nimeamua kutumia ile ya chuma, kwa sababu ndiyo iliyonigharimu zaidi. Mkubwa alikuwa kwenye kiti chake. Vidole alikuwa amekaa ameshika kiuno, hana hata wasiwasi, anangojea zamu ya kidole chake kimoja. Nikafunga ulimi wa mwanzi, nikaweka mkanda shingoni, nikageuka, nikamwona mama mkwe anaingia mlangoni na mkongojo wake, mke wangu akimshika mkono.

"Tumetoka kliniki," mke wangu akasema, akiwa na uso wa mtu aliyeshindwa. "Amesema hatuwezi kupita bila kuja kuona."

Bendi nzima ikainuka. Shikamoo zikamiminika, marahaba zikarudi. Mkubwa, ambaye hampishi mtu yeyote, akampisha kiti. Mama akakaa mbele kabisa, mbele yangu, mkongojo kati ya magoti. Nilitamani yale magodoro yaniangukie.

Nikapiga. Chuma kiling'aa, vidole vilikwenda mahali pake, kila sauti ilitoka ilipotakiwa kutoka, na zote kwa pamoja hazikufika hata kwenye magodoro. Nilijisikia mwenyewe. Nilikuwa naomba ruhusa. Nilipomaliza, mpiga ngoma akatazama viatu vyake.

Vidole akabonyeza kitufe. Chumba kikajaa. Sitasema uongo, kilijaa.

Mkubwa akajifuta uso na taulo. "Fundi," akasema taratibu, na ule utaratibu ndio ulionitisha, "mimi na wewe tumetoka mbali."

Nikajua ndiyo basi. Mtu akikuambia mmetoka mbali, ujue hamwendi tena pamoja. Nikainama kwenye kasha kuitafuta mausipisi nyingine, nikisema, "Ngoja, ngoja, sikuchagua vizuri, ngoja niweke nyingine."

"Mwambie mwenzio apulize," mama mkwe akasema.

Mke wangu akavuta pumzi. "Mama anasema upulize."

"Mwambie mama nimepuliza."

"Anasema amepuliza."

"Mwambie hajapuliza."

"Anasema hujapuliza."

Vichwa vya bendi vilikuwa vinakwenda huku na huku. Mkubwa mdomo wazi. Nami nikasikia hasira inapanda kutoka kwenye vidole vya miguu, hasira ambayo sikuwahi kujiruhusu mbele ya mama huyu, na bado nikasema kwa adabu, "Mwambie mama, kwa heshima zote, nimepuliza mpaka mwisho wa pumzi yangu, na kama kuna anayejua zaidi..."

Mkongojo ukagonga sakafu. Mama mkwe alikuwa amesimama, kwa mguu mmoja na nusu, ananitazama usoni. Hakumtazama binti yake. Alinitazama mimi.

"Wewe!" akasema. "Nimevunjika mguu, sikuvunjika masikio! Kila siku unapuliza kama mwizi ndani ya nyumba yako mwenyewe, taulo ndani, mlango umefunga, mimi nakaa pale nasema huyu mtoto anakufa! Kumbe ni mzima! Leo nakuona kwa mbele, mtu mzima, kifua hicho! Nani alikuambia mimi nataka kimya? Kimya nilikiacha kwangu! Puliza!"

Sijui niliweka mausipisi gani. Mkono ulikuwa ndani ya kasha, ukatoka na kitu kilichokwisha kufungwa ulimi wake, ukang'oa ile ya chuma, ukakisukuma mahali pake, na nikavuta pumzi mpaka mbavu zikalalamika. Ile hasira haikuwa na pa kwenda. Mama mkwe humjibu. Mke humtupii. Ikabaki njia moja tu, nikaipeleka huko yote, pamoja na jagi la maji, na majani ya kujifukiza, na kitufe, na kile chumba changu cha nyuma.

Ikatoka. Jamani, ikatoka! Nyuzi za magodoro ziliruka. Mpiga ngoma akashika vijiti vyake bila kuambiwa, gitaa la besi likaingia, na Vidole, nasema haya kwa kumtendea haki, akaondoa mkono kwenye kile kitufe akarudi kwenye kinanda cha kawaida akanifuata. Nilipiga mpaka machozi yakanitoka, na sikumpa mtu mgongo, mashavu nimeyajaza wazi wazi mbele ya mkwe wangu.

Tuliponyamaza, karakana upande wa pili ilikuwa imenyamaza pia. Mafundi wa magodoro walikuwa mlangoni na mikasi yao.

"Kitufe kirudie?" Vidole akauliza.

"Kitufe gani?" akasema Mkubwa. Alikuwa ameshanifikia, amenishika bega, anaitazama saksafoni. "Fundi, mbaya wewe! Hiyo mausipisi umeipata wapi? Niambie, na mimi nimtafutie mpwa wangu."

Nikatazama. Ilikuwa ile ya plastiki, ya watoto wanaoanza.

"Ni ya bei," nikamwambia. "Hazipatikani ovyo."

Mama mkwe alikuwa amekaa tena, amejifunika uso kwa mtandio. Alikuwa amemfokea mkwe wake hadharani, mbele ya wanaume wenye ala, na aibu ilikuwa imemshika kuliko mguu. Nikamsogelea, nikapiga goti, nikatafuta la kusema. Nilikuwa na mengi. Nikamgeukia mke wangu.

"Mwambie mama asante."

"Mama," mke wangu akasema, "anasema asante."

"Mwambie nimesikia," mtandio ukajibu.

Nyumbani hatukulizungumza jambo lile, na asubuhi shikamoo ilikuwa ile ile. Jioni nikaingia jikoni, nikalitoa taulo nikalianika, nikafunga mlango kwa mazoea tu. Nikaanza na ile nyeusi ya zamani yenye alama za meno yangu, pumzi yote, masufuria yakaitikia kwenye rafu. Kisha nikaweka ya plastiki, nikapiga kile kile. Na ugonjwa wa kazi hauponi.

"Mwulize mama," nikapaza sauti. "Hii, au hii?"

Nikasikia kalamu ya mke wangu ikiwekwa mezani. Nikasikia kimya cha mama, kirefu kuliko vile vya mwanzo, kimya cha mtu anayepima kweli.

"Mwambie mwenzio zote ni sawa," akasema. "Na huo mlango aufungue."